Msaliti Niliyempa Mguu wa Amu Lado

Wenzangu mliorudi kutoka Uganda mmekaa juu ya magodoro kwenye lori, vumbi mpaka kwenye kope, nikosoeni kama naongopa. Siku zile Juba, vita vimetoka kuisha, picha ya sinema haikuisha siku inapoonyeshwa. Mtu mmoja wa mtaa anaenda kuiangalia, halafu Jumapili tukitoka misa Kator, anaibeba mpaka mtaani kwetu Hai Mauna, anatusimulia wote. Ukishasikia, lazima utoe hukumu: nani alistahili kufa, nani apone. Hata mabibi walihukumu, huku wanamenya karanga, maganda yanaruka kwenye chai ya watu.

Mbeba picha wa kwetu nilikuwa mimi. Msicheke. Nilikuwa na miaka kumi na moja, shule nimeachia darasa la tano kule Arua, na huku Juba mwalimu anafundisha kwa Kiarabu, mimi nimekaa kama gunia la mihogo. Lakini Kiingereza cha salamu nilikijua, kwa hiyo mama akaniona profesa.

Sasa kuna hii picha moja ya jasusi, baba ndiye alinipeleka. Kaka yake jasusi ameuawa kwa sababu mtu wa karibu amemtaja kwa maadui. Miaka inapita, jasusi anarudi mjini na jina lingine, anamtafuta msaliti nyumba kwa nyumba. Niliiangalia na jicho moja, lingine nimelifumba. Mlango ukilia kwiii, nang'ang'ania mkono wa baba. Na yale maneno yalikuwa yanakimbia, nilishika labda moja kati ya kumi. Msaliti mwenyewe alikaa gizani na kofia, sura yake sikuiona.

Utasimuliaje mtu asiye na sura? Jumapili ile tulikaa barazani kwa Amu Lado, fundi cherehani. Amu ndiyo baba mdogo, watoto wote tulimwita hivyo. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, akitembea anauburuta, na alikuwa na kikohozi kikavu. Alikuwa mbele yangu kabisa, basi kwa uvivu nikamchukua yeye. "Msaliti alikuwa anaburuta mguu," nikasema, "shrr, shrr. Halafu anakohoa kidogo kabla hajafungua mlango." Watoto wakaingia chini ya leso za mama zao. Nikaona raha!

Mjomba Wani akaacha kutafuna. Alikuwa jirani tu, mjomba wa heshima. Miaka yote ya vita alikuwa msituni. Mdogo wake alikamatwa hapa mjini akauawa, na hakuna aliyejua nani alimtaja.

Akauliza polepole, "We mtoto, huyo wa mguu, alibaki mjini wenzake wakikimbia?"

Ningesema sijui, yangeisha. Lakini watu wote walikuwa wananiangalia, na sifa ni ugonjwa wangu. "Ndiyo, Mjomba. Alibaki."

Sisi tuliokimbia na wale waliobaki Juba tulisalimiana vizuri, tuliazimana chumvi, lakini kila mtu alikuwa na swali chini ya ulimi: wewe ulibakije mzima?

Hukumu zikaanza. "Auawe!" akasema Mama Keji, muuza kisra, ile mikate myembamba ya mtama. "Auawe mara mbili!" mama yangu akaongeza. Amu Lado akasimamisha cherehani. "Mimi iko na swali. Jasusi alimuuliza kwanza?"

"Amu, hii ni picha, si kesi!" wakamcheka.

Zamu ya Mjomba Wani ikafika. Macho yake yalikuwa kwenye mguu wa Amu Lado. "Mimi bado," akasema.

Wiki ile Mjomba alikaa mlangoni kwake ananoa panga kwenye jiwe, shii, shii, uso umeelekea kwa cherehani. Nilijua nimefanya nini. Lakini mama alikuwa anasema, "Mtoto mwongo ananenepesha fimbo," na fimbo ya nyumbani ilikuwa imeshanenepa. Niliogopa panga, niliogopa fimbo, na aibu yangu ni kwamba fimbo ilishinda siku tatu nzima.

Siku ya nne, jua la mchana linachoma, Mjomba akainuka na panga, akavuka njia. Nikakimbia, nikang'ang'ania shati lake. "Mjomba, mguu niliweka mimi! Kwenye picha hakuna mguu! Hakuna kikohozi! Hata kubaki mjini nilitunga!" Nilijikojolea pia, acha niseme yote.

Akasimama. Amu Lado hakukimbia, angekimbiaje? Akavua miwani. "Mtoto amemaliza ya picha. Sasa, Wani, uliza ya kwako."

"Nani alimtaja ndugu yangu?"

"Haki ya Mungu, sijui. Mimi nilibaki sababu ya huu mguu. Najua tu pale tulipomzika. Shuka yake nilishona mimi, na hii cherehani. Niliogopa kukuambia, ungeuliza nimejuaje."

Wakaondoka wawili kuelekea upande wa mto, mmoja anaburuta mguu, mwingine anapunguza hatua amngoje. Jioni panga lilirudi na majani mabichi. Lilikuwa limefyeka kaburi. Mimi nilipewa fimbo zangu, nikazipokea kama peremende.

Leo wajukuu wangu wanaangalia visasi kwenye simu, kila mmoja na waya sikioni, nyumba kimya kama kuna mgonjwa. Wakimaliza wanaandika kwa kidole: auawe, na kiuso kinachocheka. Nikiuliza wanamhukumu nani, wananiambia mimi bibi yao, "Haboba, hiyo ni komenti tu!" Sisi tulihukumu tukisikia kikohozi cha mtu. Ilitisha zaidi, lakini mtu alikuwepo pale, angeweza kuulizwa.

Umeme ukikatika na simu zikizima, ndipo wananikumbuka: "Haboba, tubebee picha." Naibeba. Ila msaliti wangu siku hizi ni mama mnene, ana pengo la mbele, na shule aliachia darasa la tano. Wakipiga kelele auawe, nainua mkono, nawaambia niulizeni kwanza.