Kikombe Kilichoonjwa

Nina figo moja na sitaki kuhurumiwa. Naliweka hili mbele kwa sababu hapa Makere, tangu nirudi kutoka Dodoma na mshono ubavuni, watu wananishika kama yai lililopata ufa. Jirani akiniona na jembe anapiga kelele utadhani nimebeba nyoka. Mwingine aliniuliza kama nikilalia upande ule mtupu sisikii upepo ndani. Nikamwambia pale nimeweka mpangaji. Akaenda kuwasimulia wenzake, na wapo walioamini.

Figo ya pili anayo mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi kule Kibondo. Wazazi wetu walivuka kutoka Burundi mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Yeye alizaliwa huku, kitinda mimba, na nilimlea mimi, kiasi kwamba hata leo akikohoa nageuka. Presha ilimla kimya kimya. Miguu ilipovimba tukasema viatu vinambana. Uso ulipovimba tukasema amenenepa, kazi ya serikali imemkubali. Siku alipoanguka mbele ya ubao na chaki mkononi, figo zake zote mbili zilikuwa zimeshachoka.

Alihamia Dodoma miezi mingi akisafishwa damu kwa mashine, mara tatu kila wiki, midomo imemkauka kwa kupimiwa maji ya kunywa. Kaka yetu mkubwa alikwenda akitaka kumpa figo. Wakamkuta naye ana presha, wakamrudisha nyumbani na vidonge vyake. Nikaenda mimi. Walinipima wiki nzima, damu, mkojo, moyo, mpaka akili, kisha wakasema inafaa.

Kabla sijaondoka, ukoo wa mume wangu ulikaa kikao. Mzee mmoja akauliza kama mwanamke aliyeolewa anaweza kutoa kiungo kikaenda kwao bila ukoo kuridhia. Mume wangu, ambaye kwa wiki anaweza kusema maneno kumi, akasema, "Mimi nilioa mtu. Figo sikuziposa." Kikao kikaisha. Mama yeye alisema tu, "Mmetoka tumbo moja. Mkigawana humo humo si wizi." Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikapanda basi.

Sitaeleza upasuaji, maana nililala. Nitaeleza masharti, kwa sababu masharti ndiyo yaliyotutesa. Daktari alitukalisha wote wawili. Alimwambia mdogo wangu kwamba mwili wake unaijua figo ile kuwa ni mgeni na utataka kuifukuza. Kwa hiyo atakunywa dawa za kuulaza ulinzi wa mwili, asubuhi na jioni, saa ile ile, maisha yake yote. Ulinzi ukilala, vijidudu vinapita kama mlango hauna komeo. Kwa hiyo maji yachemshwe, mikono ioshwe, na kikombe asichangie na mtu yeyote. Kisha akanigeukia mimi: nipime presha na mkojo kila mwaka, na dawa za maumivu za dukani, hasa diklofenaki, nisiziguse, kwa kuwa zinaumiza figo na mimi nimebaki na moja.

Mambo mengine tuliyaweza. Nilimnunulia kikombe cha plastiki chenye mfuniko, cha bluu, akawa anatembea nacho kwenye mkoba wa madaftari. Simu yake ilikuwa ikilia saa tatu asubuhi, darasa zima linajua: mwalimu anameza. Kilichotushinda ni kikombe cha ugenini.

Asiye wa kwetu nimweleze. Kwetu, ukimkaribisha mtu kinywaji, wewe mwenye nyumba unaonja kwanza, mbele ya macho yake, ndipo unampa kikombe hicho hicho. Tunaita gusogongera. Maana yake ni kwamba sijakutilia kitu, na kama nimetia basi tufe wote. Haijalishi ni pombe ya ndizi au ni umutobe, yale maji matamu ya ndizi ambayo hayajachacha na hata mlokole anakunywa. Kukikataa kikombe kilichoonjwa ni kumwambia mwenye nyumba kuwa ni mchawi, na umemwambia mbele ya watoto wake.

Ikafika zamu ya mwanangu wa kwanza kuoa. Binti aliyempata ni wa mjini Kasulu, watu wetu hao hao wa kutoka ng'ambo, baba yake mzee anayeheshimika kanisani. Kwa kuwa mume wangu na maneno ni vitu viwili, msemaji wetu akawa mdogo wangu. Siku ya kwenda kuposa, asubuhi, nilimshika mkono nje ya geti lao.

"Habari za figo tusiwaambie," nikamwambia. "Watasema ukoo wetu una damu mbovu. Tuoe kwanza."

"Na nikipewa kinywaji?"

"Sema una mfungo."

Ndiyo, ni mimi niliyesema hivyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilitaka kuuficha na kupata wajukuu juu yake.

Mambo yalikwenda vizuri mno. Mdogo wangu aliongea mpaka mama wa binti akacheka kwa kujifuta machozi. Yule mzee akafurahi, akaagiza umutobe uletwe, akamimina kikombe kimoja cha bati, akapiga funda, akafuta mdomo kwa kiganja, akamnyooshea mdogo wangu. Nikamsikia akianza, "Baba, mimi leo nina mfungo..." Mzee akabaki na mkono hewani. Mwanangu akainamisha kichwa. Mdogo wangu akanitazama, nami nikatazama ukuta. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akakimaliza.

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Baada ya siku chache mkewe alinipigia kutoka Kibondo. "Wifi, mwalimu hashiki kitu tumboni tangu juzi. Anaharisha, anatapika, na dawa zikimezwa zinarudi. Alinikataza nisikwambie."

Nilimkuta amelala macho yameingia ndani. Sijui kama ni kile kikombe au ni kitu kingine, na daktari naye hakuapa. Lakini tumbo lilimkausha maji, na dawa za figo hazikukaa mwilini siku mbili, na siku mbili zilitosha. Hospitali ya Kibondo wakamtundikia maji wakaturudisha Dodoma haraka. Huko wakapima, wakasema mwili umeanza kuikataa figo.

Nilikasirika. Watu wanadhani mtu akisikia habari kama hiyo analia. Mimi nilitaka kupiga mtu, na sikujua nianze na nani: yule mzee, mdogo wangu, au mwanamke aliyesema "sema una mfungo."

Walimpiga sindano kali siku tatu mfululizo. Figo ikabaki, ila haikurudi pale ilipokuwa. Ilikuwa kama jembe lililopinda likanyooshwa: linalima, lakini usilipige tena kwenye jiwe. Daktari alisema hivyo kwa maneno yake ya kitaalamu. Jambo kama lile likijirudia, alisema, asingeahidi kitu.

Kisha akanigeukia mimi niliyekaa kwenye kiti cha mlezi na khanga begani. "Na wewe mama, mara ya mwisho ulipima lini?"

Nikahesabu misimu ya mahindi badala ya miaka. Akanituma maabara siku hiyo hiyo. Majibu yakaja: presha imepanda, na kuna protini kwenye mkojo, ambayo haikuwepo wakati natoa. Akauliza kama ninatumia dawa zozote za maumivu.

"Hapana," nikasema.

Na kwenye pindo la khanga ile ile, sentimita chache kutoka mkononi mwake, nilikuwa nimefunga vidonge vinne vya diklofenaki kutoka duka la Makere. Mgongo wangu haujawahi kuipenda palizi. Msimu wa kulima nilikuwa nakunywa asubuhi na jioni, na nilijiambia kwamba mgongo ni mgongo na figo ni figo, kila mmoja na shida zake. Mganga hajigangi. Mtu aliyekuwa akimpigia mdogo wake simu kila siku saa tatu kumuuliza kama amemeza, ndiye huyo.

Wodini mdogo wangu alinisubiri mpaka nikae. "Dada, nimekuharibia kitu chako."

"Si changu," nikamwambia. "Nilishatoa. Ni chako, na kimeharibiwa na aibu yako na uongo wangu. Sasa tunafanyaje?"

"Siku ya mahari nitawaambia mwenyewe. Kila kitu."

"Wakivunja uchumba?"

"Wavunje. Nikinywa tena nife, mtoto wako ataoa akiwa kwenye matanga."

Nilimweleza mwanangu kwenye simu. Akasema, "Mama, mimi namtaka yule binti. Lakini mjomba nimemjua kabla yake." Basi ikawa imepita.

Siku ya mahari ilikuwa Jumamosi, baridi ya asubuhi imekatika na jua limetulia juu ya Kasulu. Nilikuwa nimesimama jikoni kwa wenyeji tangu saa kumi na mbili nikisaidia kupika, kama desturi inavyotaka mama wa kijana ajishushe. Mgongo ulikuwa unawaka. Waliponiita sebuleni nilikwenda nimejikaza, nikakaa nyuma ya mdogo wangu ili nimwone mabega.

Maneno yakapita, ng'ombe wakakubaliwa, umutobe ukaja. Mzee akamimina, akapiga funda, akanyoosha mkono.

Nilitaka kuruka. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima kichwani, yenye ukali wa kutosha kuvunja ndoa tatu. Mdogo wangu akanyanyuka kabla yangu.

"Baba, nakuomba radhi kwanza," akasema. "Kikombe hiki sitakipokea."

"Mwalimu," mzee akasema polepole, "unanitangazia nini mbele ya watu wangu?"

"Oya, hapana baba, siogopi sumu yako. Mara ile nilikipokea nikakudanganya. Mimi figo zangu zilikufa. Hii ninayoishi nayo ni ya dada yangu huyu, alikatwa ubavu akanipa. Siruhusiwi kuchangia kikombe hata na mama yangu mzazi. Siku ile nilikustahi wewe nikaidharau figo ya dada, na ilibaki kidogo ife. Nakuomba leo onja kikombe chako ukimalize, kisha unimiminie kwenye kikombe changu, kutoka chombo hicho hicho ulichomiminia chako. Ukikaa salama wewe, nami nimekaa salama."

Akatoa kwenye mkoba kikombe cha bluu cha plastiki, kile chenye mfuniko, akakiweka mezani katikati ya vikombe vya bati. Kilionekana cha mtoto. Hakuna aliyecheka.

Mzee alikitazama muda mrefu. "Ugonjwa huo uko kwenye ukoo?"

"Presha iko. Kaka yetu anayo, mimi ninayo. Kijana tumempima, hana. Ataendelea kupimwa."

"Kwa nini hamkusema?"

Hapo nikasimama, mgongo unanikata. "Ni mimi niliyekataza, baba. Niliogopa utatunyima binti."

Mzee akanigeukia. Nilikuwa tayari kubeba sufuria zetu nirudi Makere.

"Wewe ndiye uliyetoa?"

"Ego. Ni mimi."

Akatikisa kichwa, siyo kwa kukataa. "Binti yangu," akasema, hakuwa ananiangalia mimi tena bali mchumba wa mwanangu, "watu wanaopeana figo hawatakunyima chumvi." Akakimaliza kikombe chake cha bati hadi tone la mwisho, akakigeuza chini watu waone. Kisha akachukua kile cha bluu, akakisuuza kwa maji ya chupa mwenyewe, mzee mzima, akamimina. Mdogo wangu akanywa amesimama. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikalia, nasema wazi, nililia kwa sauti kama mtu aliyefiwa.

Watu walipotoka nje kwenda kula, nilijitenga pembeni ya banda la mbao wanapoweka viti. Mgongo ulikuwa umekataa. Ngoma ilikuwa inaanza, na mama wa bwana harusi asiyecheza anasemwa mwaka mzima. Nikafungua pindo la khanga, nikatoa kidonge kimoja, nikanyoosha mkono kuchukua glasi ya maji.

Mdogo wangu alinishika kifundo cha mkono. Sikumsikia akija. Akanifungua vidole kimoja kimoja, kama nilivyokuwa namfungua yeye akiwa mdogo ameokota kitu. Akakisoma kidonge. Mwalimu anasoma kila kitu.

"Tangu lini?"

Nikaukunja mkono mwingine juu ya pindo la khanga.

"Dada, mimi nimekataa kikombe cha wakwe mbele ya ukoo mzima. Wewe kidonge unashindwa kukikataa mbele ya nani?"

Yeye alikuwa bado amenishika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke Dodoma niliona anaogopa, na hakuwa anajiogopea yeye.

Nikafungua pindo lote, nikamwagia vidonge vilivyobaki kiganjani mwake.

"Jumatatu saa mbili, hospitali ya Kasulu," nikamwambia. "Nawe uje upime. Usichelewe."

Kisha nikaenda kucheza, polepole, mgongo ukiniuma kila hatua.