Tego Halimgusi Mwenye Ndoa Yake

Nilipokuwa mtoto pale Kiwalani, hakuna aliyekufa kwa ukimwi. Huo ulikuwa wa redioni. Mtaani kwetu watu walikufa kwa kurogwa au kichomi, na wanaume wapenda wake za watu walikufa kwa tego, ile dawa ambayo mume humwekea mkewe ili atakayemgusa aumie.

Kwa hiyo baba mdogo, mume wa mama mdogo Zuhura aliyenilea, alipotokwa na mkanda wa jeshi ubavuni na kuanza kukonda, bibi, mama yake Zuhura, hakuwa na shaka. Aliitwa mganga. Tego haliteguliwi mpaka mgonjwa ataje mke wa mtu aliyetembea naye, na baba mdogo akataja, mkewe ameketi palepale mkekani. Muuza ndizi wa Mabibo, mwaka wa nne sasa. Huyo naye ana mume, na mume ana nyumba ndogo Tandika. Baba mdogo hakuwa mhuni. Wanawake wake walikuwa wawili tu, na wote aliwatunza. Njia nzima ya ugonjwa ilitajwa mbele yetu, sisi tukabaki kubishana nani ametega. Hadi leo hilo linanitia hasira.

Nesi jirani yetu alimvuta mama mdogo uani, mimi naosha vyombo.

"Zuhura, nenda ukapime. Na mumeo akirudi kitandani, tumieni kinga."

"Dada, mie tangu niolewe simjui mwanamume mwingine. Nipime nini?"

Bibi alimuunga mkono. "Tego halimgusi mwenye ndoa yake. Muache mwanangu."

Baba mdogo alioga dawa, akapata nafuu miezi kadhaa, bibi akatangaza kwamba tego limeteguka. Mama mdogo akampokea tena chumbani. Mwaka uliofuata mume alifariki, na mke akamaliza eda akiwa tayari anakohoa. Tulipomzika, bibi alizunguka msibani akimuuliza kila mtu mwanawe alikosa nini.

Hakukosa kitu. Pengine alikuwa ameshaupata zamani, pengine ni katika miezi ile ya nafuu. Sitajua, na inaniuma.

Nilipoposwa, nilimwambia mchumba wangu kwanza tukapime. Alinuna.

"Kwani wewe una lolote la kuogopa?"

"Sina," nilimjibu. "Mama mdogo naye hakuwa nalo."