Vidonge chini ya godoro la kibanda cha tano

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Nélida Cauper anasimama hatua kumi kutoka kibanda cha kwanza, anaweka ndoo ya chakula chini na kukohoa. Anasikiliza. Anakohoa tena, safari hii kwa nguvu, huku vidole vyake vimekaza upindo wa sketi ya kutariziwa.

"Niko hai, mama Nélida," sauti nzito ya usingizi inajibu kutoka ndani ya chandarua.

"Nani kakuuliza kama uko hai? Njoo uchukue ndizi zako."

Nélida anacheka na kuinua ndoo. Bado vibanda vinne.

Kituo cha Jene Wiso, katika msitu wa Amazoni nchini Peru, mwendo wa saa nne kwa mtumbwi wa injini kutoka mjini Pucallpa, kinapokea watu wanaotafuta tiba ya miti na mizizi: waliofiwa, waliokosa usingizi, walioacha pombe ikawarudia. Wapo wanaokaa wiki mbili. Wale wa vibandani hukaa miezi miwili au mitatu, kila mmoja peke yake, wakinywa dawa ya mti mmoja na kula ndizi mbichi za kuchemsha na samaki wa kubanika, bila chumvi, sukari wala pilipili. Mara mbili kwa wiki huitwa kwenye nyumba kubwa ya mviringo kunywa ayawaska, dawa chungu ya mmea utambaao wa msituni, huku mganga akiwaimbia.

Nélida, wa kabila la Washipibo wa msitu huo, mwenye umri wa miaka 49 na mama wa watoto watatu, ndiye mtu pekee wanayemwona kila siku. Anawapikia, anawafulia, anawachotea maji ya majani ya kuogea. Kwa mwezi anapata sole 1,200, fedha za Peru. Amefanya kazi ya namna hii miaka kumi na minne, na anakiri kwamba hakuna asubuhi anayokwenda vibandani bila hofu.

"Watu hudhani naogopa nyoka," anasema, akiparua magamba ya samaki kwa kisu butu. "Nyoka namjua. Nikimwona najua nifanye nini. Mtu ndiye simjui. Asubuhi anakuchekea, jioni humwelewi."

Machi mwaka huu ndipo hofu hiyo ilipomfikisha ukingoni.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo, na kijito kilikuwa kimepanda mpaka kwenye ngazi ya jikoni. Katika kibanda cha tano, cha mwisho kabisa, alikuwa akikaa Benedek Halmos, mwalimu wa fidla kutoka Hungaria, mwenye miaka 41. Alikuwa amefiwa na mkewe, na hii ilikuwa wiki yake ya saba. Nélida alimpenda. Alikuwa mgeni pekee aliyemshukuru kwa lugha yake, Kishipibo, tena bila kukosea.

Alasiri moja, Benedek akiwa anaoga, Nélida aliingia kuinua godoro lililolowa. Chini yake kulikuwa na karatasi tatu za vidonge. Mbili tupu. Ya tatu imebaki nusu.

Hakuweza kusoma jina la dawa, lakini alijua ni vidonge gani. Kila mgeni huulizwa siku ya kwanza kama anatumia dawa za hospitali za kutuliza huzuni, kwa sababu dawa hizo zikikutana na ayawaska mwilini, mtu anaweza kufa. Benedek alikuwa amejibu kwamba ameziacha zamani. Na jioni ile ilikuwa jioni ya kunywa.

Alipogeuka, Benedek alikuwa mlangoni, maji yakimchuruzika kichwani.

"Mama, virudishe hapo."

"Unavimeza?"

"Ni vya zamani. Ukisema watanifukuza, na mimi sina pa kwenda. Nakuomba. Umekuwa kama dada yangu."

Nélida alivitia mfukoni mwa sketi, akatoka.

Jikoni aliketi kumenya ndizi. Akajikata kidole mara mbili. Kilichomwogopesha hakikuwa Benedek peke yake. Miaka tisa nyuma, kwenye kituo kingine ambacho sasa kimefungwa, alikuwa amefua nguo za msichana wa miaka 24 aitwaye Jimena Talavera, kutoka mji wa Arequipa. Katika mfuko wa suruali yake alikuta karatasi kama hizi. Akadhani ni vitamini. Akazirudisha mfukoni, akaanika suruali. Usiku ule Jimena akanywa ayawaska. Asubuhi yake Nélida alipeleka ndoo, akakohoa, akakohoa tena, akakohoa mpaka koo likamuuma.

"Sikumwambia mtu kwamba niliziona," anasema. Kisu kimetulia mkononi. "Polisi walikuja kuuliza alikufaje. Nikasema mimi ni mpishi tu."

Safari hii aliamua kusema. Lakini mganga Artemio, binamu yake, hujifungia tangu adhuhuri siku ya kunywa, na hakuna anayeruhusiwa kumsemesha. Akamwendea mwenye kituo, Fermín Arrué, aliyekuwa amejilaza kwenye bembea ya wavu anapiga mahesabu ya petroli.

"Nélida, wewe umekuwa daktari tangu lini?" Fermín alimuuliza. "Karatasi tupu ni ushahidi kwamba ameziacha."

"Hii moja haijaisha, bwana."

"Basi ameacha katikati! Tena umeingiza mkono chini ya kitanda cha mgeni. Ukimwaibisha mbele za watu, kesho usije. Nenda kapike."

Alirudi jikoni. Anakumbuka kwamba alifunika moto kwa majivu, akakunja aproni, akaiweka juu ya kigoda kama mtu anayekabidhi kazi. Jua lilikuwa linazama. Kutoka nyumba ya mviringo alisikia kikohozi cha Artemio, ishara kwamba ameketi na chupa ya dawa iko mbele yake.

Aliingia na matope miguuni. Wagonjwa saba walikuwa kwenye mikeka yao, na Benedek alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kikombe kikiwa tayari kimejazwa. Nélida alipita katikati yao na kuweka zile karatasi juu ya mkeka wa mganga.

"Kaka, usimpe."

"Mwanamke, toka!" Fermín alifoka kutoka mlangoni.

Artemio hakumtazama Fermín. Alimtazama Benedek. "Mwisho umemeza lini?"

"Ni vya zamani."

"Nimekuuliza lini."

Mvua ilisikika ikianza upya juu ya makuti. Kisha Benedek akasema, kwa sauti ndogo, "Leo asubuhi."

Mganga alichukua kikombe, akamimina dawa yote chupani, akafunga kizibo.

Usiku huo Nélida alilala kwenye bembea ya wavu karibu na kibanda cha tano. Alfajiri usingizi ulimwiba kidogo tu, na alipofumbua macho mlango ulikuwa wazi, viatu viko ngazini, mtu hayupo.

Walimtafuta saa mbili. Artemio alichukua njia ya mlimani. Nélida akafuata nyayo za miguu mitupu zilizoelekea majini. Anasema aliita jina lake mpaka ndege wakanyamaza, na kila gogo lililopita na mkondo alidhani ni mgongo wa mtu.

Alimkuta kwenye kona ya kijito, maji yakimfika kiunoni, mkono mmoja umeshika mzizi. Mkondo ulikuwa unavuta shati lake.

"Benedek, toka humo."

"Rudi, mama. Hili si lako."

"Ulijua? Vile vidonge na ile dawa, ulijua?"

"Nilijua. Nilisoma yote kabla sijaja."

Nélida anasema hofu ilimgeukia ikawa hasira hapo hapo, hasira ambayo hajawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote. Akaingia majini na sketi yake.

"Kwa hiyo ulipanga nikukute mimi?" alimpigia kelele. "Eti? Mimi na ndoo yangu? Niite weee, usiitike? Ndivyo dada anavyofanyiwa kwenu?"

Benedek alimtazama kana kwamba hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu angekuja asubuhi. Akaanza kulia. Nélida akamshika kola, akamvuta, wakaanguka wote wawili kwenye tope la ukingo. Hakuiachia ile kola. Aliishika ndani ya mtumbwi, saa nne nzima, mpaka walipofika hospitalini Pucallpa na muuguzi akamwambia, "Mama, sasa mwachie, tunaye sisi."

Benedek alikaa hospitalini wiki tatu, kisha dada yake akaja kumchukua. Kwao alitibiwa miezi miwili mingine. Sasa anafundisha tena siku mbili kwa wiki, na kila Jumapili humtumia Nélida ujumbe wa sauti kwenye simu. Jumapili moja hakutuma. Nélida hakula siku hiyo. Jumatatu ujumbe ukaja: betri ilikuwa imeisha.

Fermín alimfukuza Nélida kazi siku ile ile aliyompeleka Benedek hospitalini. Artemio akasema bila Nélida haimbi. Baada ya wiki moja Fermín akamrudisha, na sasa mizigo ya wageni hufunguliwa mbele ya watu wawili, yeye akiwa mmoja wao. Hofu, hata hivyo, haikupungua. "Imezidi," anasema. "Zamani niliogopa asiyejua hatari. Sasa naogopa na anayejua."

Lakini kuna jambo ameamua. Mama yake Jimena, Bi Maruja Talavera, amekuwa akiwaandikia watu wote waliofanya kazi kwenye kile kituo kilichofungwa, kila mwaka, swali moja: kuna yeyote aliyeona kitu? Kwa miaka tisa Nélida alikuwa akizikunja barua zile na kuzificha. Mei iliyopita alimwomba binti yake, Lidia, amwandikie jibu: njoo, ninalo la kukuambia.

Bi Maruja atafika tarehe 14 Agosti. Atalala nyumbani kwa Nélida kijijini, si kituoni. Chumba kimeshafagiliwa. Samaki wameshaagizwa, na watapikwa kwa chumvi na limau.

"Utamwambia baada ya kula?" Lidia anamuuliza, akipanga vikombe.

"Kabla. Siwezi kumlisha kwanza, halafu nimwambie."

"Na akikupiga?"

"Anipige."

"Halafu?"

Nélida anainamisha kichwa juu ya samaki wa leo, anaparua tena, ingawa magamba yameshaisha.

"Halafu nitapakua," anasema. "Tutaona kama atakubali kula."