Sauti Mbili za Kisabo

Mpaka leo nakumbuka jioni moja kijijini kwetu Nyamitaba, nikiwa mutoto wa kike mwenye mdomo mrefu kuliko miguu. Babu yangu alikuwa kipofu. Ng'ombe walipokuwa wakirudi, nilisimama naye kwenye mlango wa zizi nikimsimulia: nani ameingia, ametembeaje, tumbo limejaa ao hapana. Mwanangu, nilikuwa najua kusema! Siku ile nilipamba maneno, pembe nikazifanya mwezi, ngozi nikaifanya asali, hata pumzi sikuvuta. Babu akagonga fimbo chini, akaniita mama kama alivyozoea.

"Mama, nyamaza kidogo. Umenijaza masikio, lakini haujaniuliza nataka kujua nini."

Nikanuna. Yeye akaendelea: "Kuna moja inapumua vibaya, nyuma ya zingine. Angalia mkia wake."

Nikaangalia. Mkia ulikuwa juu, na kwato moja ndogo ilikuwa inachungulia. Ng'ombe alikuwa anazaa, ndama amekwama! Nikamwita baba mbio, akavuta, ndama akatoka hai. Mimi nilikuwa na macho lakini sikusikia. Babu alisikia lakini hakuona. Akaniambia tu: "Macho yako, maulizo yangu. Tukivitenganisha, ng'ombe inakufa."

Neno hili limenirudia kwa sababu ya chumba kimoja kule Mushaki. Vijana wa parokia wamekusanya humo vitu vya kale: viti vya wazee wa Kihunde, vinu, vyombo vya maziwa. Wanakiita mize, yaani makumbusho kwa Kifaransa, nami nakiita mize, ingawa shule niliiona nikiipita njiani. Mjukuu wangu Espérance (najivuna naye, sifichi) alirekodi sauti yake ku telefone, ili asiyeona naye abonyeze, asikie kila kitu kilivyo. Wazo zuri. Lakini aliandika peke yake, akasoma peke yake.

Kabla ya kufungua mize akamwita Mama Furaha, jirani yetu, asiyeona tangu utotoni. Ni yeye aliyewapa kisabo cha marehemu mama yake, kile kibuyu kikubwa cha kutikisia maziwa. Njo kitu pekee cha mama yake kilichobaki walipokimbia vita. Telefone ikasema: "Chombo cha jadi, rangi ya kahawia, chenye uzuri wa kipekee."

Mama Furaha akauliza: "Kisabo yangu iko wapi?"

"Njo hii telefone inasema, Mama," Espérance akamjibu.

"Hapana. Hiyo iko kisabo ya kila muntu. Munipatie yangu, nirudi nayo nyumbani."

Espérance machozi yakamlenga. Nikamwambia, "Unalia nini? Umupatie kisabo yake, halafu ukae chini umusikilize." Mbele ya vitu kulikuwa na kamba, na kikaratasi cha kusema watu wasiguse. Niliiruka ile kamba na magoti yangu haya mabovu, nikaleta kisabo mimi mwenyewe.

Mama Furaha akakipakata kama mutoto. Vidole vikatembea mpaka ku tumbo la kisabo, vikasimama.

"Hapa ilipasuka, mama akaishona. Binti, unaona mushono?"

"Naona, Mama. Uzi iko mweusi... lakini huku mwisho iko mwekundu."

"Mwekundu?"

"Kama pilipili."

Mama Furaha akacheka mpaka kisabo kikatikisika. "Kumbe! Uzi ilimuishia, akachomoa ingine ku kitenge yake ya arusi. Baba aligomba siku muzima! Na mimi sikujua hata siku moja kama ile kitenge ilikuwa nyekundu." Akakinusa. "Andika na harufu ya moshi. Halafu usiseme tena 'kipekee'. Hiyo iko chakula gani?"

Wakarekodi upya, mmoja anauliza, mwingine anaangalia, wanakatana maneno, wanachekana. Walipomaliza, Mama Furaha alimwekea Espérance kisabo mikononi, akarudi nyumbani bila mzigo.

Basi mwanangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Ukitaka kumuonesha muntu asiyeona, usimpikie maneno jikoni kwako kisha umletee sahani imefunikwa. Mwite jikoni, aonje chumvi. Mwite kazi ikiwa bado mbichi, usingoje siku ya sherehe. Muulize anataka kujua nini, na akikwambia umekosea, usinune kama nilivyonuna mimi. Vidole vyake na masikio yake vinajua vitu ambavyo macho yako yanavipita kila siku. Huruma ya watu amekwisha kushiba. Anataka kiti pale maneno yanapotafutwa.

Enda na amani. Mungu akubariki, ng'ombe zako zisikauke maziwa, maharagwe yako yajae maganda. Na siku macho yako yatakapochoka, kama haya yangu yanavyochoka sasa, Mungu akuwekee pembeni yako muntu wa kukuuliza kwanza, kabla ya kuanza kusema.