Shangazi Alimpa Deo Funguo

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa mavuno, pale kwetu Mwamkulu, shangazi yangu Adelina alipotoka ndani na funguo za pikapu mkononi. Nilikuwa nimesimama mlangoni namsubiri. Akanipita, akampa Deo.

Mwanangu, leseni umeipata juzi tu, na jana nilikusikia ukinung'unika kwamba baba yako amekukataza kupita mwendo wa hamsini mpaka mwaka uishe. Ulisema anakufanya mtoto. Kaa kidogo hapa nikusimulie, kisha ukanung'unike vizuri.

Mimi nilikuwa damu ya shangazi. Deo alikuwa mtoto wa jirani. Udereva tulijifunza pamoja mjini Mpanda, tukafaulu siku moja, na kwa kweli mimi nilikuwa mwepesi kuliko yeye. Niliweza kurudi nyuma kwenye kona kwa mkono mmoja, wakati yeye alikuwa anatoka jasho mpaka shati linaganda mgongoni. Sasa yeye ndiye dereva, mimi kazi yangu kusimamia magunia!

Shangazi akamwambia mbele yangu, "Mwaka huu wote usipite hamsini, hata barabara ikiwa tupu. Umefaulu mtihani, lakini barabara hujaizoea."

"Sawa, shangazi," Deo akajibu.

Hata hilo neno liliniuma. Shangazi alikuwa wangu mimi.

Tukawa tunakwenda Sibwesa kuchukua mahindi na kuyaleta mashineni mjini. Kila kitu cha Deo kilinikera. Akina mama kijijini walimwita "dereva" na kumletea viazi vya kuchemsha. Mimi walinionyesha tu magunia yalipo. Kila tukisimama alipangusa usukani kwa kitambaa, nikakichukia mpaka kile kitambaa. Na wala hakunifanyia ubaya. Kiazi chake alikuwa anakikata katikati, ananipa nusu. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, maana nilitafuta kosa lake nikalikosa.

Kwa hiyo nikamtengenezea kosa.

Ilikuwa mchana, tunarudi na mzigo. Pikipiki zikatupita, vumbi likatujaa. Nikamwambia, "Deo, unajua shangazi amekasirika? Anasema mahindi yanachelewa kwa sababu ya mwendo wako. Anatafuta dereva mwingine."

Uongo mtupu. Shangazi hakuwa amesema hata nusu ya maneno hayo.

Akanitazama. "Mbona yeye ndiye aliyenikataza kukimbia?"

"Ndivyo anavyosema mbele yako. Mimi ni mtu wa nyumbani, nayasikia mengine."

Nikaona mshale wa mwendo unapanda, sitini, sabini. Nilichotaka mimi ni shangazi asikie kwamba Deo amevunja amri, basi. Nilikuwa tayari najiona nimekaa pale alipokaa yeye. Nikuambie ukweli, mwanangu, nilikuwa na furaha.

Penye kona kabla ya daraja tukamkuta mzee anasukuma baiskeli yenye gunia. Barabara pale ilijaa changarawe, na dereva mzoefu angejua kwamba inateleza. Deo alikanyaga breki kwa nguvu, gari likateleza ubavu, likamzoa mzee na baiskeli yake, tukaishia mtaroni.

Mzee tulimjua baadaye kwa jina la Bonifasi. Alivunjika mguu. Deo mkono wake wa kulia ulibanwa na mlango. Mimi nilitoka mzima, bila hata mchubuko.

Shangazi akatufuata hospitali. Deo alikuwa amelala, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Akajaribu kuinuka. "Nisamehe, shangazi. Nilikimbia. Nilitaka mahindi yawahi, kama ulivyotaka."

"Kama nilivyotaka?" Shangazi akashangaa. "Lini nilitaka hivyo?"

Deo akageuza macho kwangu. Shangazi naye akageuka. Sijawahi kutazamwa vile tena. Nikayatapika yote palepale, nikilia, wagonjwa wengine wakisikia.

Nilidhani atanipiga. Akavuta kigoda, akakaa. "Nilijua unaendesha vizuri kuliko mwenzako," akasema. "Lakini Deo anajua kwamba bado hajui, kwa hiyo anaogopa. Wewe hukuwa unaogopa kitu. Kasiani, nilikuogopea wewe na watu wa barabarani. Sikujua kwamba hata ukikaa pembeni nitapaswa kukuogopa."

Msimu ule nilikwenda kulima shamba la Mzee Bonifasi mpaka mguu wake ulipopona, na hata ulipopona alibaki anachechemea. Vidole viwili vya Deo havikukunjika tena, na usukani hakuushika tena. Alifungua duka la vipuri vya baiskeli. Nikipita ananisalimia kwa jina, na sijui anapata wapi moyo huo. Hata huo moyo nilimwonea wivu miaka mingi, maana mtu haponi wivu kwa siku moja.

Basi nisikilize. Hamsini aliyokuwekea baba yako ni muda anaokupa wa kuijua changarawe, kona, ng'ombe na watoto wanaotoka shule, kabla ugeni wako barabarani haujagharimu maisha ya mtu. Ushike. Na mtu aliyekaa pembeni yako akikuharakisha, hata akitumia jina la baba yako, simamisha gari, umpigie simu baba mwenyewe umuulize. Na siku utakayokaa pembeni wewe, mwenzako anaendesha na roho inakuuma, funga mdomo. Shuka ukatembee kwa miguu ikibidi.

Mungu akutulizie mikono na moyo, mwanangu. Awalinde wanaotembea kandokando ya barabara utakazopita, na kila unakokwenda ufike, na waliokutuma wakuone umerudi.