Vidole vya Zambarau

Mpimaji wa maabara katika zahanati moja ya Buruburu ana vidole vya zambarau. Ni rangi anayozipaka bakteria ili azione kwa darubini, na haitoki kwa sabuni. Kila akikaa huvikunja ndani ya kiganja. Wagonjwa hawaiti kwa majina. Huchungulia mlangoni, akanong'ona, "Mama wa leso ya kijani," na majibu huyatoa mlango ukiwa umefungwa. Mwalimu Mideva alimpendea hilo. Jina la marehemu mumewe lilikuwa safi mtaani, lakini binti yao Ayuma alikuwa akikohoa, na jirani yao, Mama Wesonga, alikuwa ameshaiambia kwaya nzima kuwa ni TB. Leo alikuwa kando yao kwenye benchi la zahanati, eti amekuja kupima presha.

"Pole, Ayuma," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Siku hizi TB inatibika."

Mpimaji, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Mlango ukabaki wazi.

"Bakteria za TB nikizipaka rangi huwa vijiti vyekundu," mpimaji akasema kwa sauti kubwa kama mhubiri. "Nimetafuta, sikuona hata kimoja. Nimeona vidoa vya zambarau, viwiliviwili. Ni nimonia. Atameza dawa, atapona."

Mwalimu Mideva akashusha pumzi. "Rudia, daktari. Mama Wesonga hasikii vizuri."

"Si TB!"

Kisha akakunja vidole vyake na kunong'ona, "Haya, mama wa presha, karibu ndani." Mama Wesonga alipoingia, akafunga mlango.