Picha za Jirani Yetu wa Kinoo

Juzi nilipanda hadi Spring Valley, kwenye jumba la sanaa wanakoonyesha picha alizochorwa yule mwandishi wa tamthilia aliyechekesha nchi nzima. Wewe unamjua kwa michezo yake. Mimi namjua kama jirani aliyekuja kwetu Kinoo kila Jumamosi kula githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe aliopika nyanya yangu, akimtania kwamba anaiacha ngumu makusudi ili wageni wachoke mapema.

Nikuambie ukweli, sikwenda kwa ajili yake. Nilimfuata nyanya. Maisha yake yote alikataa kupigwa picha, na siku ya mazishi tulikuza ile ya kitambulisho hadi uso ukawa ukungu mtupu. Uani kwake sasa pamejengwa ghorofa la kupangisha. Lakini nilimkumbuka mchoraji aliyewahi kuja uani hapo kumchora jirani.

Alikuja Jumamosi moja ya baridi ya Julai, akamketisha jirani kwenye kiti cha mbao karibu na jiko la kuni. Mimi nilikuwa nikipukuchua mahindi, na ile harufu ya moshi na rangi ilinipa maumivu ya kichwa. Mchoraji akamwomba jirani aache kucheka.

"Ukinichora nimenuna, watu wataleta maua ya mazishi," jirani akamjibu.

Nyanya alikuwa ameketi nyuma yake akichambua maharagwe, anacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Mchoraji akamwambia akitulia kidogo naye ataingia pichani.

"Wewe chora huyo," nyanya akasema. "Mimi niko na kazi."

Hata hivyo nilimwona akifunga upya kitambaa chake cha kichwa. Kisha akainua uso, akatulia.

Picha ya siku ile ipo. Nimeikuta ukutani kati ya nyingine nyingi, na katika zote jirani anacheka. Kiti ni kile kile, na sweta ni ile aliyoivaa, iliyotoboka kiwiko. Nyuma yake, mahali pa nyanya, pamepakwa rangi ya kahawia hadi ukingoni.

Msichana anayelinda chumba aliniona nimesogea mno, akaniuliza natafuta nini. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Hapo ni ukuta tu, madam," akasema kwa upole.

Uani kwetu hapakuwa na ukuta. Nilibaki nimesimama, nikijaribu kumrudisha nyanya akilini mwenyewe. Kitambaa kilikuja. Mikono ilikuja, na maharagwe yake, na yale mabega. Uso haukuja.